Nani Aliwatuma?

Nikiwa kidato cha tatu nilipata tano kwa tano kwenye swali la majukumu ya raia mwema. Kulipa kodi, kutii sheria, kupiga kura, kulinda mali ya umma, kushiriki maendeleo. Mwalimu wa historia alitia vema tano kwa wino mwekundu, akaandika "safi" pembeni. Wiki hiyo hiyo wanafunzi sita wa darasa letu tuliandika barua kwa mwalimu mkuu kuhusu vyoo vya bweni, ambavyo vilikuwa vimejaa tangu muhula uliotangulia. Ilikuwa barua ya adabu kabisa, ilianza na "kwa heshima na taadhima". Kufikia Ijumaa tulikuwa ndani ya matatu na masanduku yetu ya bati. Wiki mbili nyumbani. Kosa: uchochezi.

Shule siitaji, na huyo mwalimu mkuu pia simtaji. Wao si mada. Ninachokumbuka zaidi ni swali tulilorudishiwa pale ofisini, tena na tena: nani aliwatuma? Hakuna aliyeuliza kama vyoo vilikuwa vimejaa kweli.

Miaka mingi baadaye nilikutana na swali hilo hilo ndani ya historia isiyo yangu, katika mji mdogo unaoitwa Farmville, jimbo la Virginia, Marekani. Mwaka ulikuwa 1951. Walioulizwa walikuwa vijana wa rika langu la wakati ule, na shule yao ilikuwa shule ya Weusi. Tangu hapo nimekuwa nikiifuata hadithi yao kila ninapopata nafasi, na kila nikiifuata naona njia yake inapitia mahali ninapopajua. Inapita Kabete. Lakini tutafika huko.

Kwanza shule yenyewe. Shule ya upili ya Robert Russa Moton ilijengwa mwaka 1939 kwa ajili ya wanafunzi 180. Kufikia 1951 ilikuwa na zaidi ya 450. Haikuwa na ukumbi wa michezo, haikuwa na maabara ya maana, haikuwa na chumba cha kulia. Wazazi walipoomba shule mpya, bodi ya elimu ya kaunti ya Prince Edward iliwajengea vibanda vya mbao vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami, vile ambavyo watu wa mji walisema vinafanana na mabanda ya kuku. Mvua ikinyesha vinavuja. Ndani kulikuwa na jiko moja la kupasha joto: aliyeketi karibu nalo aliungua, aliyeketi mbali alisoma na koti. Mabasi yalikuwa yale yaliyochoshwa na shule ya Wazungu. Upande wa pili wa mji, watoto Wazungu walikuwa na kila kitu nilichokitaja hapo juu.

Hayo yote yalikuwa halali. Tangu kesi ya Plessy ya mwaka 1896, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekubali kwamba watu wa rangi tofauti wanaweza kutenganishwa mradi wapewe huduma zilizo sawa. Utengano ulitekelezwa kwa bidii. Usawa, ah, huo ulikuwa wa kwenye karatasi.

Sasa jiweke mahali pa mwalimu Mweusi wa Virginia miaka ya 1940. Kwenye ratiba kuna somo la uraia. Unasimama mbele ya watoto arobaini na kuwaeleza mihimili mitatu ya serikali, katiba, na haki ya kupiga kura. Wewe mwenyewe, ili upige kura, unatakiwa uwe umelipa kodi ya kichwa ya dola 1.50 kwa kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo, na uwe umeilipa miezi sita kabla ya uchaguzi. (Babu zetu huku walitozwa kodi ya kichwa na hawakupewa kura yoyote, kule ulilipa ndipo upate ruhusa ya kuiomba.) Kisha unamwendea msajili wa wapiga kura. Anaweza kukupa karatasi tupu, isiyo na hata mstari mmoja, na kukutaka uandike maombi yako mwenyewe bila msaada: jina, umri, tarehe ya kuzaliwa, na mengine ambayo sheria inataka. Ukisahau kimoja, rudi mwaka ujao. Na huyo msajili ni Mzungu, na anajua kwamba mshahara wako unatoka kwenye bodi ya Wazungu.

Utafundisha nini?

Kulikuwa na majibu mawili, na nadhani hapa ndipo hadithi nzima ilipo.

Jibu la kwanza lilitungwa Hampton, chuo cha Weusi kilichoanzishwa huko huko Virginia mwaka 1868, ambako Booker T. Washington alisomea kabla ya kwenda kuanzisha Tuskegee. Mwaka 1902 aliajiriwa hapo mwalimu mmoja aliyezaliwa Wales, Thomas Jesse Jones. Yeye ndiye aliyeandaa masomo ya jamii ya Hampton: uraia kidogo, uchumi kidogo, takwimu za sensa, usafi wa nyumba. Msingi wake ulikuwa kwamba Weusi na Wahindi Wekundu waliosoma pale wako nyuma kwenye ngazi ya maendeleo, na shida zao nyingi zinatokana na huko kuwa nyuma kuliko kuonewa. Kwa hiyo raia mwema ni anayefanya kazi, anayefuga vizuri, anayepiga deki, anayesubiri. Kura itakuja akikomaa.

Jones hakubaki Hampton. Kamati aliyoiongoza ilitoa ripoti mwaka 1916 ambayo ilichangia sana kulifanya somo la masomo ya jamii liwe somo la shule zote za Marekani. Ndiyo, ni babu wa ile SST tuliyoiandika juu ya jalada la daftari. Halafu mwaka 1924 Jones alikuja Kenya.

Ngoja kidogo, kwa sababu kabla yake kuna barua. Mwaka 1921 Harry Thuku aliwaandikia watu wa Tuskegee akiomba msaada wa kuwaelimisha Waafrika wa huku. Mkuu wa Tuskegee wakati huo alikuwa Robert Russa Moton, kijana aliyelelewa kaunti ya Prince Edward na kusomea Hampton, yule ambaye baadaye shule ya Farmville ilibeba jina lake. Machi 1922 Thuku akakamatwa, watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kumdai, na risasi zikapigwa. Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Miezi miwili baadaye, Washington, Moton alialikwa kuhutubia uzinduzi wa mnara wa kumbukumbu ya Lincoln. Hotuba yake ilipitiwa kwanza na makali yake yakapunguzwa, na Weusi waliokwenda kumsikiliza waliketishwa sehemu yao ya kando.

Basi katika hali hiyo ndipo ikaja tume ya Phelps-Stokes, Jones akiwa mwenyekiti na James Aggrey wa Gold Coast akiwa mmoja wa wajumbe. Walizunguka Afrika Mashariki wakitazama shule. Mapendekezo yao yalifanana na Hampton: elimu ya Mwafrika iende na maisha ya kijiji, kilimo, afya, ufundi, nyumba. Mwaka uliofuata, 1925, ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, James Dougall akiwa mkuu wa kwanza. Walimu walikuja na wake zao, wakaishi kwenye nyumba za mfano, kisha wakarudi vijijini kuzungukia shule ndogo ndogo. Leo ukipita Lower Kabete, pale palipo Chuo cha Serikali cha Kenya, kile kinachofunza watumishi wa umma, ndipo palipokuwa. Mimi nimepita hapo na bodaboda mara nyingi na sikuwahi kujua kwamba jina la kwanza la mahali hapo ni la Anna Jeanes, mwanamke tajiri wa Philadelphia aliyetoa dola milioni moja mwaka 1907 kwa ajili ya shule za Weusi za vijijini, wala kwamba mwalimu wa kwanza wa Jeanes alikuwa Virginia Randolph, mwanamke Mweusi wa kaunti ya Henrico, Virginia.

Sitaki kuwadharau walimu wa Jeanes, wa kule wala wa huku. Randolph na wenzake walitembea kwenye matope kutoka shule hadi shule, wakachangisha pesa za madirisha, wakapanda miti. Wengi wao walifanya zaidi ya walivyoagizwa. Ninachosema ni kwamba mtaala ule ulikuwa na kitu kilichoachwa nje kwa makusudi. Ulimfundisha mtu jinsi ya kuchimba choo kizuri. Haukumfundisha cha kufanya pale aliye na wajibu wa kukijenga anapokataa.

Jibu la pili lilikuwa la walimu wenyewe, na halikuwa kwenye ratiba.

Petersburg, si mbali sana na Farmville, alikuwapo mwanahistoria wa chuo cha Virginia State, Luther Porter Jackson. Mwaka 1941 alianzisha shirika la wapiga kura Weusi la jimbo zima. Alichapisha ripoti kuonyesha Weusi wangapi wamejiandikisha na wangapi hawajajiandikisha, na kuanzia 1942 aliandika safu kwenye gazeti la Weusi la Norfolk, Journal and Guide, kuhusu haki na wajibu katika demokrasia. Watu aliowasukuma zaidi walikuwa walimu. Hoja yake ilikuwa rahisi na iliuma: unafundishaje uraia na wewe mwenyewe hujalipa ile kodi ya kura? Lipa, ujiandikishe, kisha rudi darasani. Alikuwa mtu mpole wa maktaba, lakini sidhani kama kuna mwalimu aliyefurahia kumwona akija mkutanoni na daftari lake la hesabu.

Jackson alikuwa mshirika wa Carter G. Woodson, ambaye alizaliwa mwaka 1875 katika kaunti ya Buckingham, jirani kabisa na Prince Edward. Mwaka 1926 Woodson alianzisha wiki ya historia ya Weusi, na shule za Weusi zikaichukua kwa mikono miwili: picha za Frederick Douglass ukutani, maigizo, mashairi. Palipokuwa na hatari, ilifanyika kwa kificho. Louisiana, miaka ya 1930, mwalimu Tessie McGee alikuwa na silabasi rasmi juu ya meza na kitabu cha Woodson mapajani. Alisoma cha mapajani. Mkubwa akipita dirishani, macho yanapanda mezani na sauti inaendelea kama kawaida. Wanafunzi walikuwa wakiona kila kitu. Hilo nalo lilikuwa somo, na pengine waliliweka akilini kuliko kilichosomwa.

Sasa tunaweza kurudi Farmville. Barbara Johns alikuwa na miaka 16. Alikuwa mtoto mtulivu wa kusoma vitabu, mpwa wa Vernon Johns, mhubiri mkali wa kanisa la Dexter Avenue huko Montgomery, ambaye baadaye mimbari yake ilichukuliwa na Martin Luther King. Siku moja Barbara alimlalamikia mwalimu wake wa muziki, Inez Davenport, kuhusu hali ya shule. Mwalimu alimsikiliza, kisha akamuuliza kwa nini yeye asifanye kitu. Ni hilo tu. Barbara aliona kama amepuuzwa, akaondoka na hasira. Halafu swali likamkaa kichwani. Asubuhi nyingine alikosa basi, akabaki barabarani akisubiri lifti, na basi la watoto Wazungu likampita likiwa na viti vitupu.

Alikusanya wenzake wachache, wakiwemo pacha wawili, John na Carrie Stokes. Carrie ndiye aliyekuwa rais wa baraza la wanafunzi. Walipanga kwa miezi na siri haikuvuja. Nikifikiria shule yetu, ambako mpango wa kutoroka kwenda kununua chapati ulijulikana na mlinzi kabla ya wapangaji, hilo peke yake linanishangaza.

Aprili 23, 1951, simu ililia ofisini kwa mwalimu mkuu, Boyd Jones. (Huyu si ndugu wa Jones wa Kabete, alikuwa Mweusi, na alikuwa ameishaiomba bodi shule mpya hadi akachoka.) Sauti ikamwambia kuna wanafunzi wake wako taabani kwenye kituo cha mabasi mjini. Akatoka mbio. Hapo vikaratasi vikapelekwa kila darasa kuwaita wote ukumbini, vikiwa na sahihi ya herufi mbili, B.J. Mwalimu mkuu alisaini hivyo. Na herufi za Barbara Johns je?

Pazia la jukwaa lilipofunguka, walimu walimwona msichana. Aliwaomba watoke. Waliositasita walisindikizwa mlangoni. Barbara akavua kiatu, akagonga nacho ubao, akazungumza: kuhusu vibanda, kuhusu mabasi, kuhusu ahadi za bodi. Akasema hawatarudi darasani mpaka shule mpya ianze kujengwa. Zaidi ya wanafunzi 450 wakatoka. Mabango yalikuwa tayari yameandikwa na kufichwa.

Jioni hiyo hiyo yeye na Carrie waliandika barua kwa mawakili wawili wa NAACP huko Richmond, Oliver Hill na Spottswood Robinson. Mawakili walikuja siku mbili baadaye wakiwa njiani kwenda kwenye kesi nyingine, wakiwa wamekusudia kuwaambia watoto kwa upole warudi shule. Walikuta ukumbi wa kanisa umejaa vijana wanaojua wanachosema. Wakabadili nia, lakini kwa sharti: hatutadai jengo zuri zaidi la Weusi, tutadai utengano wenyewe ufutwe. Vijana walikuwa wametaka maabara na paa lisilovuja, na sasa wakaulizwa kama wako tayari kwa kitu kikubwa kuliko walichoanza nacho. Wazazi wakaulizwa pia, kanisani, mbele ya mchungaji L. Francis Griffin, usiku ambao wengi wao walijua kabisa nani atakayewafuta kazi asubuhi. Wakakubali. Mei 23 kesi ikafunguliwa, ikiwa na majina ya wanafunzi 117, la kwanza likiwa la Dorothy Davis, msichana wa miaka 14.

Kesi hiyo ilikuwa moja ya zile tano zilizofika Mahakama ya Juu na ambazo sasa zinakumbukwa kwa jina moja, Brown. Ndiyo pekee kati ya hizo tano iliyoanza na mgomo wa wanafunzi. Uamuzi wa Mei 17, 1954 ulisema kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba.

Wakubwa wa Farmville hawakuamini kamwe kwamba watoto walijituma. Wengine walisema ni NAACP. Wengine walisema ni Griffin. Bodi ilimshuku Boyd Jones, na mkataba wake haukuongezwa. Barbara alipelekwa kwa mjomba wake Montgomery kumalizia masomo kwa sababu usalama wake haukuwa na uhakika, na mwaka 1955 nyumba ya wazazi wake iliteketea. Kesi ikiwa bado mahakamani, pesa za kujenga shule mpya ya Weusi zilipatikana ghafla, baada ya miaka yote ile ya kukosekana. (Kwetu lori la kunyonya vyoo lilikuja wiki tatu baada ya sisi kufukuzwa. Hakuna aliyetaja barua.)

Kuhusu walimu kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Tunapenda kusimulia Brown kama mlango uliofunguka. Ulifunguka, lakini kwa watoto. Walimu wao wengi waliachwa nje. Shule zilipounganishwa, zilizofungwa mara nyingi zilikuwa za Weusi, na inakadiriwa walimu na wakuu Weusi zaidi ya 38,000 wa majimbo ya kusini na ya mpakani walipoteza kazi kati ya 1954 na 1965. Wengine waliondolewa kwa sheria. South Carolina ilipiga marufuku watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP, na mwaka 1956 Septima Clark, aliyekuwa amefundisha kwa miaka 40 hivi, akafutwa kwa kukataa kujitoa. Alichofanya baadaye nakipenda sana. Januari 1957, kisiwa cha Johns, yeye na Esau Jenkins, dereva wa basi, walifungua darasa la watu wazima katika chumba cha nyuma cha duka la ushirika. Mwalimu waliyemchagua hakuwa mwalimu kamwe. Alikuwa Bernice Robinson, msusi. Clark alijua kwamba mwenye saluni yake hana bosi Mzungu wa kumfuta, na amezoea kusikiliza watu. Robinson aliwauliza wanafunzi wanataka kujifunza nini: kuandika majina yao, kujaza fomu ya kuagiza bidhaa, kusoma kile kifungu cha katiba ambacho msajili wa kura angewatega nacho. Akaanzia hapo. Madarasa ya aina hiyo yalisambaa kusini nzima.

Na Prince Edward? Mahakama ilipoishiwa subira na kuamuru iunganishe shule zake, kaunti ilifanya jambo ambalo hakuna kaunti nyingine iliyolifanya kwa muda mrefu hivyo. Ilizifunga zote. Mwaka 1959 bodi haikupewa hata senti, milango ikatiwa minyororo. Watoto Wazungu wakaingia akademia ya binafsi iliyoanzishwa haraka haraka. Watoto Weusi, karibu 1,700, hawakuwa na shule. Walifungwa miaka mitano.

Septemba ya mwaka huo huo, 1959, ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na vijana 81 waliokuwa wanakwenda kusoma Marekani. Ni ile safari ya kwanza ya Tom Mboya, iliyochangiwa na watu kama Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli. Tunaijua hadithi hii kama hadithi ya bahati nzuri, na ilikuwa bahati nzuri kwelikweli. Lakini tangu nilipoziweka tarehe hizi mbili pamoja siwezi kuzitenganisha. Mwezi uleule ambao mtoto wa Kiambu au Kisumu alishuka New York na koti la kuazima akiulizia chuo, mtoto wa Farmville wa umri wa darasa la kwanza alikuwa ameketi kibarazani akitazama basi la shule lisilomhusu.

Januari 1960, wakili aliyekuwa ameongoza vita vya Brown, Thurgood Marshall, aliketi London kwenye mkutano wa Lancaster House kama mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, kwa mwaliko wa Mboya. Aliandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya nchi ambayo bado ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia, za Waarabu na za Waafrika, kila moja na bajeti yake. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya wasiwasi wa mkutano ilikuwa kulinda wachache, na wachache hapa walikuwa walowezi na mali zao. Mtu aliyetumia maisha yake kuwatetea Weusi wachache dhidi ya Wazungu wengi alijikuta akiandika kinga ya Wazungu wachache, na aliiandika kwa dhati. Wakati kalamu yake ikiandika, walalamikaji wake wa Prince Edward walikuwa nje ya shule kwa mwezi wa tano.

Kule nyumbani watu hawakukaa tu. Griffin na akina mama wakafungua vituo vya masomo kwenye makanisa. Vijana waliokaribia kumaliza walichukuliwa na chuo cha Kittrell, North Carolina. Wakweka waliwatafutia wengine familia za kuishi nazo katika majimbo mengine, yaani mtoto wa miaka 15 anaaga mama ili apate darasa la hesabu. Mwaka 1963 zikafunguliwa shule za bure za muda, na Mei 1964 Mahakama ya Juu ikaamuru kaunti ifungue shule zake. Wapo waliorudi wakiwa na miaka kumi na miwili hawajui kusoma. Wapo ambao hawakurudi. Walikuwa tayari wanafanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku. Mwaka 2003 waliandaliwa sherehe ya kupewa vyeti vya heshima vya shule ya upili. Walivaa majoho wakiwa na mvi.

Barbara alisomea ukutubi, akafanya kazi kwenye maktaba za shule huko Philadelphia, akafariki mwaka 1991. Inez Davenport na Boyd Jones walioana. Desemba 2020 sanamu ya jenerali Robert E. Lee iliondolewa katika jengo la Bunge huko Washington, ilikokuwa ikiiwakilisha Virginia, na jimbo likaamua mahali pake pawe pa Barbara.

Swali la nani aliwatuma lilirudi tena huku kwetu Juni 2024, mnakumbuka, wakati vijana waliposoma mswada wa fedha kipengele kwa kipengele na kutoka barabarani, na wakubwa wakaanza kutafuta mfadhili. Nilikuwa kwa mama wiki hiyo. Alinikumbusha siku tuliyorudi shuleni baada ya zile wiki mbili. Kabla ya kuingia darasani kila mmoja alipewa fomu ya kuomba msamaha, na mzazi alitakiwa kushuhudia. Mama aliomba kwanza aione ile barua yetu ya vyoo. Akaisoma yote amesimama, akamrudishia karani bila neno. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja wa kujaza jina la aliyekuchochea. Niliuacha wazi. Mama akasaini chini yake.